Nyumba Zisizo na Kuta

Binti yangu alipopiga simu kusema twende Samoa, nilikuwa uani natandaza mpunga kwenye turubai. Nikamwambia asubiri kwanza nikae. Yeye ni muuguzi New Zealand, na mume wake anakamua ng'ombe kwenye shamba kubwa hukohuko. Miaka yote tangu waondoke nilikuwa sijamwona. Alisema likizo yao ni fupi mno, wakija Bariadi itaishia njiani, lakini visiwa vya Samoa kwao ni jirani. Tukutane huko, tukae wiki nzima baharini.

"Wewe umestaafu, mama," akasema. "Muda unao."

Muda ninao kweli. Nilifundisha Jiografia shule ya msingi hadi nikastaafu, na bahari ya Pasifiki nimeichora ubaoni mpaka mkono ukazoea. Visiwa vya Polinesia nilikuwa naviweka kwa kugongagonga ncha ya chaki, na sikuwahi kufikiri kwamba kwenye nukta mojawapo ningekuja kukanyaga mimi. Nilikubali bila kuuliza swali hata moja. Hamu ya mtoto wangu ilikuwa imenizidi, nilikuwa namwota ananisuka nywele.

Nikaanza habari za pasipoti. Nikanunua kofia pana sokoni, nikaivaa ndani ya nyumba, nikajiona mtalii.

Halafu picha zikaanza kuingia kwenye simu. Ya kwanza bahari, ya pili minazi, ya tatu malazi. Nyumba za ufukweni huko wanaziita fale: sakafu ya mbao, nguzo, paa, basi. Kuta hakuna. Ukitaka kujisitiri unateremsha mikeka ya makuti, na upepo ukitaka unaipandisha. Ndani palipangwa magodoro matatu kwa mstari, kila moja na chandarua chake. Chini yake binti ameandika: "Hii inatutosha sisi watatu."

Watatu ni mimi, yeye, na mkwe wangu. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikarudi kwenye mpunga wangu.

Kwa asiyetujua, nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja, hawalali nyumba moja, hata kusemeshana ni mpaka apatikane mtu wa kubeba maneno katikati. Si chuki, ni heshima. Vijana wengi wa mjini wameshaachana na mambo haya na wanatucheka. Lakini mkwe wangu amekulia Nkololo, kwenye boma la ng'ombe, na mimi, pamoja na ualimu wangu na kanisa langu, nimelelewa Sapiwi na mama ambaye hakuwahi kumtazama mkwe wake usoni. Mara moja nilikutana na huyu kijana ana kwa ana pale Bariadi mjini. Akachepukia kwenye duka la spea za pikipiki, akakaa humo akiulizia bei za vitu mpaka nikapita. Nilimpenda zaidi siku ile. Sasa mtu huyo ndiye tulale mstari mmoja wa magodoro, na asubuhi nimwone amevaa kaptula ya kuogelea?

Nilijaribu kumdokeza binti. Nikauliza kama mumewe ameridhika na mimi kwenda.

"Yeye ndiye aliyesisitiza, mama. Anasema bila wewe hakuna safari."

Hapo nikanasa. Kukataa ni kumrudishia mkwe heshima yake usoni. Kwenda ni kuivua heshima ileile mchangani. Na katikati ya hayo mawili kuna mtoto wangu, ambaye nisipomwona safari hii sijui nitamwona lini. Nikaanza kujitafutia visingizio. Goti. Presha. Pamba haijauzwa. Kila nilichokishika niliona binti atakipangua kabla sijamaliza kukisema, maana kusoma amesoma, na goti langu analifahamu.

Siku moja akafungua kundi la WhatsApp la kupangia safari. Nikaingia kusoma, nikakuta tumo watu watatu, naye mkwe yumo. Nilikuwa bado natafuta miwani nione namna ya kutoka kwa adabu, mara likatokea andiko dogo kwamba yeye ameondoka.

Nilikasirika, nasema kweli. Mwenzake nimekosa usingizi kwa kuogopa kumvunjia heshima, kumbe yeye hataki hata jina langu lilale karibu na lake kwenye simu. Nikatoka na mimi. Binti akabaki kundini peke yake, na siku mbili hakupiga.

Siku ya tatu akaja shangazi wa mkwe, kutoka Nkololo, kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Yeye ndiye aliyebeba maneno yetu tangu enzi za posa.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa kilugha chetu.

"Mwadila. Karibu ukae."

Chai aliikataa mpaka kwanza atue alichotumwa. "Kijana amenipigia anahangaika. Anaomba radhi kwa kutoka kwenye lile kundi. Anasema umeweka picha yako pale, kila akifungua anakukuta unamtazama. Atakaaje?"

Akajipangusa vumbi usoni, akaendelea.

"Na ile nyumba ya huko visiwani. Mke wake amemwambia umeichagua wewe, kwamba mama anapenda nyumba ya upepo. Tangu aione picha halali. Anasema kama mayu ameamua hivyo basi ataenda, ila yeye atalala juu ya mnazi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi naye akacheka, na ndipo akakubali chai. Sijui nieleze vipi wepesi nilioupata siku ile. Nilikuwa nimebeba gunia wiki nzima, kumbe kuna mwenzangu upande wa pili wa dunia amebeba lilelile, na wote tunadhani tumetwishwa na mwingine.

Shangazi alipoondoka nikampigia binti.

"Ile nyumba aliichagua nani?"

"Mimi, mama."

"Na kumsingizia mwenzio kwamba amesisitiza nije, na kunisingizia mimi nyumba ya upepo?"

"Nilidhani mkifika mtazoeana." Sauti yake ikashuka. "Huku sina mtu, mama. Nyie wawili ndio watu wangu, na sijawahi kuwa nanyi sehemu moja zaidi ya siku ya harusi, na siku hiyo mlikuwa mmepeana migongo. Nilitaka niamke asubuhi moja tu, nikikohoa, wote wawili mnisikie."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yakaniishia. Nikatazama mpunga wangu uani, kuku wanaudonoa, wala sikuwafukuza.

"Tafuta fale mbili," nikamwambia. "Yeye akae mwisho kule, mimi huku, wewe utakuwa unatembea katikati. Asubuhi bahari ni ya kwake, jioni ni ya kwetu. Na kwa kuwa hazina kuta, ukikohoa tutakusikia wote."

"Kwa hiyo unakuja?"

"Nakuja."

Nikamsikia anavuta kamasi. Kumbe simu yake ilikuwa imewekwa sauti kubwa, maana nyuma yake, mbali, kama mtu aliyegeukia pembeni, sauti ya mwanaume ikasema polepole, "Wabeja, mayu."

Asante, mama. Tangu amwoe mwanangu, hakuwahi kunisemesha bila mtu wa kubeba neno. Nikakaa na simu sikioni, machozi yananitoka, nikajua kwamba kumjibu mwenyewe haifai na kunyamaza sitaweza.

"Mwambie mumeo," nikamwambia binti yangu, "nimesikia."