Kidonge Kimoja Kwenye Kibuyu cha Mama

Kufuli la stoo yangu ya dagaa pale Mwigobero, Musoma, nilikuwa nalivuta mara mbili kabla ya kuondoka. Mara mbili ni biashara. Mwaka huo zikawa tano, na bado, nikiwa njiani kupeleka mzigo Bunda, tumbo lilikuwa linaninyonga, nashuka basi njia panda ya Butiama na kurudi Musoma kulikagua. Kila mara nililikuta limefungwa. Magunia yalifika Bunda, mimi sikufika.

"Kaka, gunia halijui kupatana bei," mteja wangu wa Bunda aliniambia kwenye simu. "Ukinifanyia hivi tena, natafuta mwingine." Huyo alikuwa akichukua nusu ya mzigo wangu.

Nikaenda zahanati. Nesi akasema hiyo ni hofu iliyopitiliza, akanipangia siku za kuongea na mshauri. Nikamuuliza habari ya tumbo. Akasema wataalamu wanachunguza kama bakteria wa tumboni wana mkono katika hofu, na duka la dawa wanauza vidonge vyenye bakteria wazuri. "Vinaweza kusaidia, vinaweza visisaidie. Siahidi."

Sokoni sijawahi kusikia mtu akinadi mali namna hiyo. Nikanunua vidonge thelathini. Nikavihesabu, nikavihesabu tena. Ndipo akili ya sokoni ikaamka: kama hawa wako hai, si watazaana? Nani ananunua ng'ombe kila mwezi wakati anaweza kufuga?

Nyumbani Butiama mama hugandisha maziwa kwenye kibuyu. Hakioshi kwa sabuni; hukifukiza moshi, na maziwa kidogo ya jana huyabakiza yawe mbegu ya leo. Nikapasua kidonge kimoja, nikamimina unga wake humo.

Kesho yake mama akaonja, akatema.

"Baba, umetia nini humu?"

"Dawa ya wasiwasi, mama."

"Kwani kibuyu kina wasiwasi? Mbegu hii nilipewa na mama mkwe wangu. Nilikuwaga nayo kabla yako, na haijawahi kunisumbua kama wewe."

Akamwaga yote. Bahati nzuri jirani alikuwa amechukua mbegu hiyohiyo kwetu. Nikatumwa kuomba kikombe, na kwa mara ya kwanza sikubishania kipimo. Adhabu yangu: kila Jumamosi nije kutikisa kibuyu mpaka siagi itoke.

Basi nikatikisa, nikanywa, tukapiga soga. Vidonge ishirini na tisa nikavimeza, kimoja kwa siku. Kwa mshauri nikaenda kila nilipopangiwa. Kipi kilinisaidia? Nimepiga hesabu mara mbili, majibu hayalingani.

Juzi njia panda ya Butiama ilipita dirishani. Tumbo likaninyonga kidogo. Nikabaki kwenye kiti.

Bunda, mteja wangu akagusa gunia moja moja. "Kumi na mawili," akasema, kisha akaninyooshea kidole, "na mwenyewe mmoja."

Nikamwomba ahesabu tena.