Tofali za Kioo Nyumbani kwa Bi Rehema

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama katika chumba cha giza nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, patasi mkononi, nikijiona fundi aliyekamilika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Leo nina mvi hata kwenye nyusi, na kila nipitapo Mbaraki nikawaona vijana wanajaza ukuta mzima wa ngazi kwa tofali za kioo, natamani kuwaita washuke kwenye jukwaa niwaulize maswali mawili matatu. Siwaiti. Mzee anayewapigia kelele mafundi wa watu huonekana hana kazi, na kweli sina. Basi nitakwambia wewe, kwa kuwa umeketi na chai yako haijaisha.

Mimi ni mtu wa Rabai. Nilikuja kisiwani kutafuta riziki, nikapanga chumba Tononoka, nikapokewa na Fundi Athmani, mwashi wa Mji wa Kale. Kuta zile nene za mawe na chokaa alizijua zote, ipi imechoka na ipi inajifanya tu. Hakuwa msemaji. Asiporidhika na kazi yako, alikwenda zake kunywa kahawa, akakuacha uitazame mpaka ulione kosa mwenyewe. Ni ufundishaji wa kuchosha sana, na mimi sijasahau hata somo moja.

Bi Rehema alikuwa mjane, akikaa ghorofani peke yake, na kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za vijitundu vidogo vidogo ambazo moja humla mtu miezi. Dirisha la chumba chake lilitazama kichochoro chembamba, jua halifiki. Ukuta wa nyuma haukuwa na dirisha hata kidogo, na haukuwa nalo kwa makusudi. Chini yake ndipo palipokuwa uwani kwa jirani yake, Bi Salma. Mitaa ile nyumba haijengwi ikachungulia uwani kwa mwenzake. Uwani ndipo mwanamke hukaa kichwa wazi, akafua, akapika, akaosha nywele, bila kufikiria buibui. Wenyewe huita stara. Haikuandikwa popote, na kila aliyezaliwa pale anaijua. Mimi sikuzaliwa pale, lakini nilikuwa nimekaa miaka minne, kwa hivyo udhuru huo siutumii.

Mwaka huo mjukuu wa Bi Rehema alikuwa anaoa, na bibi alitaka amvishe kofia aliyoishona kwa mkono wake. Kofia ilikuwa nusu. Macho nayo yalikuwa yanamwacha. Akamwita Fundi Athmani, akamwonyesha ule ukuta wa nyuma.

"Athmani mwanangu, mato yangu yamechoka," alisema. "Nataka mwangaza hapa. Sitaki dirisha."

Nilikuwepo, nikayasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili.

Fundi akachora mstatili ukutani kwa chaki, akasema tutaweka tofali za kioo. Kesho yake ikaja habari kwamba nduguye wa Lamu ni mgonjwa. Alinipa vyombo, akaniambia nende dukani nikachague, nisisahau kuweka linta ya kubeba ukuta wa juu kabla ya kitu chochote, kwa sababu kioo hakibebi nyumba. Akapanda basi. Nami, badala ya kumwombea mgonjwa, nilifurahi. Kazi nzima ilikuwa yangu!

Dukani zilikuwepo aina mbili. Moja ilikuwa na mawimbi ndani, kama maji uliyoyatikisa kwenye bakuli, na nyingine ilikuwa wazi kabisa. Muuzaji aliniuliza ni ya bafu au ya sebule. Nikasema ni ya mama mshonaji, nipe inayopitisha mwanga zaidi. Akanijibu kwa upole kwamba mwanga wake haupishani sana, cha kuangalia ni nani anakaa upande wa pili. Nilidhani anataka kunisukumia mzigo uliokaa bila kununuliwa. Nikachukua zilizo wazi, nikarudi kutoboa ukuta na kutanguliza linta.

Hapo kuna jambo moja la kuchekesha, acha nilitie. Sisi waashi tuna mazoea ya kulowesha jiwe kabla ya kulijenga, maana jiwe kavu hunywa maji ya saruji ikakosa kushika. Basi na mimi nikazilowesha tofali za kioo kwenye beseni tangu asubuhi, nikazijenga zikichuruzika. Kioo hakinywi maji, mwanangu. Safu ya kwanza ilikaa, ya pili ikateleza, ya tatu ikashuka polepole mbele ya macho yangu huku saruji ikitiririka ukutani. Bi Rehema alikuwa ameketi nyuma yangu.

"Kalume," akasema, "hizo wazijenga au waziosha?"

Nilibomoa, nikazifuta moja moja kwa kitambaa, nikakoroga saruji nzito, nikajenga safu chache kwa siku na kutia vyuma vyembamba katikati. Juu na pembeni niliacha nafasi, nikaijaza ile gundi laini ya mpira, kwa sababu ukuta wa zamani hupumua, na ukikibana kioo utakipasua. Siku ya nne nikamaliza. Nilipima kwa timazi na pimamaji, mstari haukukosa. Nikafikiri somo la kazi ile lilikuwa lile la beseni, na nimeshalipata. Nilipochungulia niliona kamba ya nguo ya Bi Salma, nikahesabu na vibanio vyake. Nikaona fahari. Bi Rehema macho yake hayakufika mbali kiasi hicho. Yeye aliona weupe umeingia chumbani, akaniombea dua.

Siku tatu baadaye nilirudi kusafisha viungo vya saruji kati ya tofali. Chumba kilikuwa giza kuliko nilivyokikuta mwanzo. Nje ya kioo, kutoka uwani, mtu alikuwa amefunga blanketi zito kwa kamba, limeziba kuanzia juu mpaka chini. Bi Rehema alikuwa ameketi mahali pake, kofia mapajani, na kimto chake cha sindano pembeni. Sindano zilikuwa zimechomekwa zote, na hazina uzi.

Hapo ndipo nilipojua lile ambalo kila mtu mtaani alilijua. Kwa miaka mingi Bi Salma alikuwa akija kila asubuhi, akamtungia sindano ishirini, akanywa kahawa, akaondoka. Bi Rehema aliweza kushona kwa kupapasa, lakini kutunga uzi hakuweza tena.

"Salma haji," aliniambia. "Ulipokuwa wajenga nilidhani akuonea haya, sasa nimempelekea salamu, najibiwa ati ana kazi. Tangu lini Salma ana kazi asubuhi?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila mkono wake ulikuwa unakipapasa kile kimto bila kutulia. Nikasema nitamtungia mimi. Nilitunga tatu, jasho likinitoka. Akaishika ya kwanza, akavuta, akaniambia uzi ni mrefu mno, utafunga mafundo. Akairudisha. Mimi bado sikuelewa. Nilidhani kina mama wamegombana kwa mambo yao.

Fundi Athmani akarudi. Alipitisha kidole kwenye viungo vyangu, hakikukwama popote. Kisha akatazama kioo, akalitazama blanketi, na safari hii hakwenda kunywa kahawa. Alinishika mkono, tukashuka, tukazunguka kichochoro mpaka mlangoni kwa Bi Salma. Akapiga hodi. Tulingoja sana. Bi Salma alitoka akiwa na buibui kamili, ndani ya nyumba yake mwenyewe, saa nne ya asubuhi.

Fundi akamwamkia, akamwomba ruhusa, akaniketisha kwenye kigoda uwani, akaliinua blanketi kwa kamba yake, akampa Bi Salma aishike. Akaondoka. Punde nikamwona juu, nyuma ya tofali zangu, na kanzu yake nyeupe. Akainua mkono.

"Kalume! Vidole vingapi?"

"Vitatu," nikajibu.

"Na sasa?"

"Vinne."

Bi Salma alikuwa amesimama kando yangu, ameinamisha macho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilivikumbuka vile vibanio nilivyovihesabu, nikajua nimekuwa nikihesabu nini.

"Kioo si neno," Bi Salma akasema bila kunitazama. "Siku nne nasikia nyundo kwenye ukuta unaotazama kwangu, na hakuna aliyekuja hapa akapiga hodi. Nikasema basi, Rehema amenitupa. Hajali nikionwa nilivyo."

Ningeweza kunyamaza. Fundi alikuwa juu, maneno ya chini hayamfikii. Heshima yangu ingebaki, na lawama ingelala kwa mwanamke asiyeweza kuona hata ncha ya sindano yake.

"Mama, Bi Rehema alitaka mwangaza tu," nikasema. "Alisema kabisa hataki dirisha. Dirisha nimelileta mimi."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akaiachia kamba, blanketi likashuka palepale lilipokuwa.

Nilizing'oa tofali zangu moja baada ya nyingine. Nyingi zilivunjika. Asubuhi ya kuanza upya, kabla ya kugusa mwiko wa saruji, nilikwenda kwanza kwa Bi Salma nikapiga hodi, nikamwomba ainue blanketi, asimame uwani. Niliiweka tofali moja ya mawimbi kwenye tundu bila saruji, Fundi akaweka mkono nyuma yake.

"Vingapi, mama?" nikauliza.

"Sioni kidole. Naona kitu cheupe tu." Akageuka kurudi jikoni. "Jenga."

Nikajenga, na kila asubuhi nilipiga hodi kwanza. Siku ya nne nikamaliza, na blanketi bado lilikuwa linaning'inia. Nilikuwa nimefanya yote yanayofanywa kwa mwiko. Yaliyobaki hayakuwa ya mwiko, na hilo lilinisumbua kuliko kazi yote. Harusi ilikuwa imekaribia na kofia ilikuwa palepale.

Siku mbili baadaye niliomba ruhusa ya kuosha vyombo vyangu kwenye bomba la Bi Salma. Mlango alinifungulia bintiye. Uwani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limekunjwa, limewekwa juu ya kigoda. Nikainua macho kwenye kioo. Nyuma ya mawimbi niliona rangi mbili za kanga, nyekundu na ya manjano, zimeinamiana, karibu karibu. Ipi ni ya nani, sikuweza kujua. Nilisimama na ndoo yangu, machozi yakinilengalenga, na sioni haya kukwambia.

Kofia iliisha. Mimi niliiona kwa mbali tu, kichwani mwa bwana harusi, nikiwa nimesimama na wanaume wengine kichochoroni. Fundi Athmani hakunisemesha tena habari ile maisha yake yote.

Basi sikiza, mwanangu, maana nasikia na wewe unataka kuweka tofali za kioo kwenye ile nyumba yako. Usiziloweshe. Usiziruhusu zibebe mzigo, tanguliza linta. Acha nafasi ya kupumua kati ya ukuta na kioo. Palipo na mtu upande wa pili chagua za mawimbi, na muuzaji akikwambia neno, msikilize, si kila muuzaji ana mzigo uliokaa. Hayo fundi yeyote atakwambia. La kwangu ni hili moja: kabla ya kutoboa ukuta, zunguka uende upande wa pili, upige hodi, umwombe mwenye kukaa pale akuonyeshe anapoketi. Keti hapo. Tazama ukuta wako kutoka kwake. Na ukikosea, liseme kosa lako mapema, kabla halijamlalia mtu asiyelifanya.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu. Akupe nyumba yenye mwanga wa kukutosha, na wakati macho yako yatakapochoka kama yalivyochoka yangu, akuachie jirani wa kukutungia sindano.