Nyar Gwassi Anapona

Msichana akiolewa Karungu, jina lake hubaki kwao. Phelesia alitoka Gwassi, upande wa Homa Bay, na tangu aolewe hakuna aliyemwita Phelesia isipokuwa mchungaji na karani wa kura. Wengine wote walimwita Nyar Gwassi, binti wa Gwassi.

Alikuwa mama wa makamo mwenye shingo nene kama kinu, na kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni hadi kwenye malori. Hakuwa mtu wa kujisifu. Watu ndio waliosimulia kwamba aliwahi kuinyanyua pikipiki kutoka mtaroni ikiwa na mwenyewe juu yake, tena mwenyewe hakukatiza hata simu aliyokuwa akipiga. Akiulizwa, Phelesia alijibu tu kwamba ilikuwa pikipiki ndogo.

Basi kikundi cha akina mama kilipoanza kushindana kuvuta kamba, hakuna aliyeuliza nanga atakuwa nani. Nanga ni yule wa mwisho kabisa, anayejifunga kamba kiunoni na kukataa kuondoka. Phelesia hakuwahi kupewa cheo kingine maishani, na hiki alikipenda kama wengine wanavyopenda uweka hazina. Jumamosi ya wiki hiyo walikuwa wavutane na akina mama wa Gwassi, yaani watu wa kwao hasa, na kuna waliokuwa wakinong'ona kwamba damu ni nzito. Mnong'onaji mkuu alikuwa Caren, aliyevuta mbele yake na aliyechoka kupumuliwa kisogoni.

Jumatatu wakaja watu wa chuo kikuu na mizani na mikoba. Walikuwa wanachunguza nguvu za akina mama wa umri mkubwa, na jinsi misuli inavyorudi katika hali yake baada ya mazoezi. Phelesia alienda kwa sababu hakuna aliyewahi kujitolea kupima nguvu zake. Kijana mmoja mpole aitwaye Nicholas alimpa kifaa cha kukamua kwa kiganja. Akakamua. Nicholas akasoma namba, akakigongagonga kile kifaa, akamwomba akamue tena. Kisha akamwelekeza kwenye benchi: panda kwa mguu mmoja, shuka polepole. Polepole zaidi, mama. Phelesia aliona ni mchezo wa watoto.

"Ni hii tu, daktari?"

"Mimi si daktari, mama. Ni hii tu. Alhamisi nitakuja nyumbani nione misuli yako inavyopona."

Neno hilo Phelesia alilibeba mpaka nyumbani bila kulifungua.

Jumanne mapaja yalinung'unika. Jumatano yaligoma. Alipotaka kukaa alikipa kigoda mgongo, akakipimia kama dereva anayerudisha lori nyuma, kisha akajiachia. Mumewe Nashon, aliyekuwa akishona wavu mlangoni, aliyaona yote hayo.

"Mama Linet, una nini?"

"Sina kitu."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema ninapona."

Nashon akaweka sindano chini. "Unapona nini?"

"Sikuuliza."

"Mtu haponi bure. Mtu anapona kitu."

Hoja ilikuwa nzito. Nashon akaenda kibandani kwa Boaz kunywa chai ya kupunguza mawazo, akamwambia Boaz peke yake. Boaz naye akawaambia waliokuwa wakila chapati. Kufikia alasiri habari zilikuwa zimeshafanyiwa upasuaji.

Wageni walifika wakiongozwa na Emmaculate, mwenyekiti wa kikundi. Walikuja na sukari, maziwa na mikate, wakaimba, wakaomba kwa zamu, na kila aliyeomba alimtajia Mungu ugonjwa tofauti.

"Mimi ni mzima," Phelesia alisema walipofumbua macho. "Ni mapaja tu. Nilipanda benchi."

"Benchi," Emmaculate alirudia kwa huruma.

"Benchi tu."

"Marehemu shangazi yangu pia alisema ni malaria tu."

Nashon alikuwa tayari anakata mkate wa pili. Phelesia akaamua kusimama ili ubishi uishe. Alifika nusu ya safari, akalazimika kushika bega la Caren.

"Ugonjwa umejua kuchagua wiki," Caren alisema. "Wiki ya Gwassi. Lakini mimi sijasema kitu."

"Umesema, Caren."

"Nimesema sijasema."

Emmaculate alikohoa kama wakohoavyo wenyeviti. "Nyar Gwassi, wewe lala. Jumamosi Caren atakuwa nanga."

Wakamlaza kwa nguvu na kumfunika blanketi juani. Phelesia alilia kidogo humo ndani, na wageni wakasikia, wakaongeza wimbo mmoja.

Alhamisi Nicholas alipofika alikuta uwanja umejaa watu na sufuria. Akasimama langoni, akamuuliza Nashon kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Alipoelewa, uso ulimwiva kwa aibu, naye akawaeleza wote. Huu si ugonjwa. Misuli ikifanya kazi isiyoizoea, hasa ya kushuka polepole, huchanika vijisehemu visivyoonekana kwa macho. Siku ya pili ndiyo mbaya zaidi. Baadaye hujitengeneza yenyewe.

"Na ikishajitengeneza?" Emmaculate aliuliza.

"Huongezeka nguvu kidogo."

Nicholas aliendelea kusema mengine ya maana sana kuhusu usingizi, chakula, na kwenda taratibu kwa majuma mengi, lakini aliziambia sufuria tu. Wanakikundi walikuwa wameshatoka langoni, Caren mbele, wakielekea kanisani kwenye mabenchi.

"Mwenyekiti," Phelesia aliita, "na nanga?"

"Tumeshapanga," Emmaculate akajibu bila kugeuka.

Jioni hiyo kishindo kilisikika kutoka kanisani, na majirani wakadhani ni uamsho.

Ijumaa asubuhi Phelesia alichuchumaa kupuliza moto, na alikuwa ameshafika chini alipogundua kwamba hakuna kilichouma. Akainuka. Akachuchumaa tena, kwa raha tu.

Jumamosi akina mama wa Gwassi waliteremka kutoka kwenye boti wakiimba. Phelesia alikuwa ameketi juu ya jiwe, mtazamaji kama watazamaji wengine, akijaribu kutoiangalia kamba. Ndipo timu ya Karungu ikatokea. Walikuja kama bata waliokatazwa kukunja magoti. Caren alikuwa anateremshwa ukingoni na watu wawili, kinyumenyume.

"Mlipanda benchi mpaka lini?" Phelesia aliuliza.

"Mpaka mchungaji akatufukuza," alisema Emmaculate, akitazama mbele tu.

"Basi mnapona."

Caren aliinamia ncha ya kamba, akafika nusu, akabaki hapohapo. Akamtazama Phelesia kutoka kwenye ile nusu.

"Nyar Gwassi, hii kamba ni fupi kwangu."

Phelesia hakungoja aambiwe mara ya pili. Alijifunga kiunoni.

"Kwenu ni kule," Emmaculate alimkumbusha, "lakini sufuria zako ziko huku."

Firimbi ikalia. Kwa mvuto wa kwanza timu ya Karungu ilikaa chini, mmoja baada ya mwingine, na aliyekaa hakuinuka. Akabaki Phelesia peke yake wima, amechimba visigino, anavutwa na Gwassi nzima. Shangazi yake Kezia, nahodha wa Gwassi, alimsihi kutoka upande wa pili. "Nyathiwa, mtoto wetu, achilia, utaumia." Phelesia hakuachilia. Aliondoka pale shubiri kwa shubiri, akiacha mifereji miwili mchangani, na wenzake waliokaa wakitangulia mbele yake kama mitumbwi inayoshushwa majini.

Wakashindwa. Hakuna aliyejaribu kusema vingine.

"Sasa mechi ya marudiano," Emmaculate alisema akiwa chali, "nanga atakuwa nani?"

"Hilo nalo ni swali?" Caren alijibu kutoka chini. "Nyar Gwassi, nipe mkono."

Phelesia alianza kuwainua kuanzia ncha ya mbali ya kamba, mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika kwa Caren hakutoa mkono. Alikaa chini kando yake polepole, mikono kifuani, akainuka bila kushika kitu, kisha akakaa tena.

"Nimeona," Caren alisema.

Akainuka tena.