Nyundo Ndogo ya Baba

Katika karakana yetu hapa Majengo, mwenye nyundo ndogo ndiye anayeongoza. Haongozi kwa mdomo, maana majirani wanaofua mabati hawaachi mtu asikike. Hugonga chuma kidogo tu, ti, na mwenye nyundo kubwa hushusha papo hapo. Ndogo ni ya baba. Kubwa ni yangu mimi bintiye, tangu nimalize shule.

Lakini tangu kiharusi kimguse mkono wa kulia, nyundo yake hugonga kando ya pale alipolenga. Haoni, au anaona na anajitia hamnazo. Nami nashusha nilikoelekezwa, kwa sababu ndivyo alivyonifunza. Shoka la mchongaji vinyago kutoka Ziwani lilitoka limepinda, akalirudisha kwa adabu.

"Mzee, hili lingine likipinda, itabidi niwaendee wale wa kuchomelea."

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Huyo ndiye mteja wa mwisho aliyebaki kumwita fundi.

Asubuhi ya shoka la pili tulikata spring kuukuu ya lori, nikazungusha feni ya makaa mpaka chuma kikaiva. Baba akakishika kwa koleo mkono wa kushoto, akakilaza juu ya kipande cha reli tunachofulia. Ti. Kando. Nikashusha kando. Ti. Kando tena. Makali yakaanza kwenda upande. Jasho linaniingia machoni, na mpita njia ambaye sidhani amewahi kunoa hata kisu ananipigia kelele, "Siste, weka nguvu!" Nguvu! Kana kwamba shida ilikuwa nguvu.

"Baba, umegonga pembeni."

"Gonga ninapogonga, mama."

Chuma kilikuwa kinapoa. Akagonga pembeni, nikashusha katikati. Akanitazama. Akagonga palepale, nami nikashusha katikati tena, kwa hasira, na makali yakaanza kunyooka.

Akaweka nyundo ndogo chini. Nilingoja anitukane, na wallahi ningeyapokea matusi hayo kwa furaha. Hakutukana. Alishika koleo kwa mikono miwili, macho yake kwenye chuma.

"Utaniambia nigeuze lini," akasema.

Hasira nilikuwa nayo bado, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Geuza," nikamwambia.