Daktari Ndama na Kijiti Chake

Kwenye kiwanja chetu cha ndege hapa Nebraska, daktari wa meno anaitwa Ndama, na hata wagonjwa wake wanajua. Leseni yake ya urubani ikiwa bado mbichi, aliruka kwenda kula pai kwa dada yake. Upepo ukamsukuma, akafika kwa saa moja. Akapiga hesabu zake: saa moja kuja, saa moja kurudi. Kurudi, upepo uleule ukampiga usoni, mafuta yakamwishia angani, akatua malishoni kwa mfugaji Wilma Kratochvil, ndama wakaja kumlambia kioo cha ndege. Wilma akapiga picha, akaitundika kwenye klabu yetu ya marubani. Basi tena, jina likaganda.

Siku hizi, kabla hajaruka, anatumbukiza kijiti cha kupimia mafuta kwenye tangi, anakitazama, anakipangusa kwenye suruali, halafu anatumbukiza tena. Sauti yake ni ileile ya "fungua mdomo, haitauma." Jumamosi, Brandt, aliyepata leseni juzijuzi, alikuwa anampandisha mkewe mjamzito kwenye ndege yake.

"Ndama, tupishe bwana, tunawahi pai!" Brandt akatania.

Daktari hakucheka. Akatumbukiza kijiti kwenye tangi la Brandt, akamwonyesha.

"Haya yanakufikisha. Kurudi je, kijana? Upepo umeuhesabu?"

Brandt akatazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini. Ilikuwa imenyooka kama mkono. Mkewe akashuka mwenyewe.

"Jaza kwanza, mpenzi. Mimi kulambwa na ndama sitaki."

Daktari akapangusa kijiti kwenye suruali, akaenda kuvuta mpira wa mafuta.

Haya, marubani wa humu, nyie mlitua wapi bila kupanga? Simulieni. Wenye picha za ng'ombe watangulie.