Majira ya Baridi Tulipofunika Maharage

Leo asubuhi nimekuta kioo cha gari kimeganda barafu, na badala ya kununa kwamba nachelewa kazini, nikajikuta nacheka peke yangu. Baridi ya Sydney wengine huwatia huzuni. Mimi hunirudisha Macquarie Fields, pembezoni mwa jiji, kwenye ile nyumba ya serikali yenye uwanja ulioteremka hadi kwenye uzio, mwaka ambao mimi na mdogo wangu tulisomea nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa binti wa miaka sita, na shuleni alikuwa haongei. Nyumbani mdomo haufungi, lakini mbele ya mwalimu hata jina lake halitoki. Mama alichoka kuitwa shuleni kila mara, akasema basi, nitawafundisha mwenyewe. Jioni alikwenda kazini kuhudumia wazee, mchana alikuwa mwalimu wetu, na meza ya kulia ndiyo darasa. Tatizo lilikuwa moja tu. Afisa wa elimu angekuja kututembelea, na kabla ya kutoa kibali cha kusomea nyumbani angezungumza na kila mtoto. Kila mtoto, wewe. Mama alikonda.

Sisi tulikuwa tunakula raha. Tulikunywa uji wa ulezi tukigombania hita, kisha tukatoka nje na makoti juu ya nguo za kulalia, kuwatazama kasuku weupe wenye vishungi wakibomoa matunda ya mikaratusi na kutudondoshea maganda kichwani. Hiyo nayo ilikuwa sayansi. Baba akitoka kazini Wetherill Park hupitia Cabramatta kununua kisamvu kilichogandishwa, na Bibi hukipika kwa mawese mpaka madirisha yanatoka jasho.

Sasa, Bibi. Kwao Burundi, mvua zikiisha mwezi wa sita watu hushuka mabondeni, kwenye unyevu, kupanda maharage. Basi mwezi wa sita ulipofika akazunguka uwanja, akakanyagakanyaga, na kuchagua pale chini kabisa karibu na uzio.

"Huku ndiko kuzuri," alisema. "Udongo iko na maji."

Baba akamwambia, "Mama, huku mwezi wa sita ni baridi."

"Mwezi wa sita ni mwezi wa sita."

Maharage yakaota, mazuri kweli. Kumbe bonde lile dogo ndilo baridi yote ya uwanja ilikokwenda kulala. Asubuhi moja juu kwenye ngazi kulikuwa kukavu, na kule chini kumekuwa kweupe kwa barafu, na miche ya pembeni imekuwa myeusi. Bibi alikwenda chumbani, akatandua blanketi la kitanda chake, akashuka nalo.

Tangu siku ile tulifunika kila jioni na kufunua asubuhi jua likishafika. Mama akatundika kipimajoto kwenye uzio, na mdogo wangu ndiye akawa msomaji wake. Alikuwa akirudi mbio kuitangaza baridi kama mtu wa redio.

Siku ya afisa, Mama alitaka matandiko yale yaondolewe kabla mgeni hajafika. Bibi akakataa kata kata, jua lilikuwa bado. Wakati wanabishana, afisa akaingia kwa mlango wa pembeni. Alikuwa mama wa makamo, na alisimama akitazama blanketi za maua na shuka zetu zimetandikwa ardhini.

"What's happening here?" akauliza.

Mimi nilitaka kumjibia Mama, lakini mdogo wangu alikuwa ameshanipita.

"They're sleeping," alimwambia afisa kwa sauti ya chini, kwamba maharage yamelala. "You have to whisper." Eti anong'one.

Afisa akachuchumaa. Mdogo wangu akamshika mkono, akampeleka kwenye kipimajoto, akamweleza kwa nini chini kuna baridi kuliko juu, na majani gani yamekufa, na yapi Bibi anasema yatapona. Alimweleza na habari za kasuku, bila kuulizwa. Mama alijifunika uso kwa kanga.

"Anasema nini huyu?" Bibi aliuliza, Kiingereza hakukijua.

"Anaongea, mama," Mama alijibu, machozi yakimtoka.

"Si anaongea kila siku? Mimi nauliza anasema nini."

Kibali tulipata. Maharage hatukuyala, mvua ililowesha blanketi na barafu ikayamaliza. Bibi alilaumu blanketi.

Nyumba ile imebomolewa, pamejengwa ghorofa mbili zilizobanana, na bonde limesawazishwa kwa zege. Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, anaongea mbele ya watu kama kawaida. Akisimulia utoto wake husema alikuwa mtoto asiyeongea, ndivyo alivyoambiwa, na ni kweli. Bibi alitutoka miaka mingi iliyopita. Yeye peke yake, katika sisi sote, hakuwahi kumjua mtoto huyo asiyeongea.