Kata Imerudi Tena

Kila nikikaa kuandika maisha yangu, kata inaingia. Ni kata ya kibuyu, mpini wake umefungwa uzi wa mkonge pale ulipopasuka. Nimejaribu kuikimbia. Nimeanzia katikati, nimeanzia mwishoni, nimejiita "yule msichana" kana kwamba simjui. Kuna sura nzima niliyoiandika kama mabishano kati ya nyumba yetu na paa lake la mabati. Wapi! Nikiandika kanisa, sadaka inakusanywa kwa kata. Nikiandika bweni la shule, kata iko chini ya kitanda. Inanichosha, na inanitia hasira.

Mwalimu mmoja wa fasihi alisoma kurasa hizo akanisifu sana. Kata, alisema, ni ishara ya kiu ya taifa zima. Kiu ya taifa! Ilikuwa kiu yetu sisi na mbuzi wetu watatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilimshukuru, nikamaliza chai yake, nikarudi kwetu upande wa Kasikeu.

Aliyeniomba niandike ni mama. Dada yangu mkubwa alikufa kwa homa miaka ya sitini, mwaka wa njaa, mimi nikiwa bado mdogo. Hakuacha picha. Nyumbani tuna picha moja tu ya siku hizo, tuliyopigwa sokoni baba alipokuja likizo kutoka kazini Mombasa. Kila mtu yumo, hata mtoto wa jirani aliyejipenyeza. Dada hayumo. Kiangazi kile tulichota maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, na ukiondoka pale, zamu yako imechukuliwa. Lazima mtu abaki.

"Nyinyi endeni," dada alisema. "Mimi nitachunga maji. Nitapigwa picha siku ingine."

Mpiga picha aliporudi sokoni, tulikuwa tumeshamzika dada.

Miaka ya tisini mama alikuwa mzee, mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Lakini hilo silo lililomsumbua.

"Uso wake umeanza kunipotea," aliniambia. "Wale walikuwa wanamjua wote wameenda. Wewe ndio umesoma. Niandikie vile alikuwa anakaa usoni, nisikie kabla sijaenda."

Nikaandika. Nikararua, nikaandika tena. Alasiri moja nikamsomea nilichokuwa nacho, yeye akipukuchua mbaazi kwa kupapasa. Nilimsomea jinsi shimo lilivyokuwa refu kumpita dada, jinsi alivyoshuka na kungoja maji yajikusanye, akajaza kata na kuniinulia. Mkono wake ulitokeza juu, umelowa hadi kwenye kiwiko, mchanga umeganda kwenye vidole. Nilipokea, nikamimina kwenye debe, nikamrudishia kata.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kata nimeiona," alisema. "Hata huo uzi ni mimi nilifunga. Na uso uko wapi?"

Nilipekua kurasa, ingawa nilijua haumo. Lazima niliuona uso huo. Tulikula sahani moja, tulilala kitanda kimoja. Yote hayo yamefutika, nami sijui yalifutika lini. Ningeweza kumtungia: pua ya shangazi, macho ya baba. Mama asingejua. Nilifungua mdomo kufanya hivyo na maneno yakakataa.

"Mama, yeye alikuwa chini, mimi nilikuwa juu," nilisema. "Nimebaki na mkono peke yake."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa na mbaazi mapajani, uso ameuelekeza mlangoni kulikokuwa na mwanga, na mimi sikuwa na chochote kingine cha kumpa.

"Basi soma tena hapo kwa mkono," alisema. "Pole pole."

Nikasoma.